Karpos: je, asiye na furaha hana tunda la Roho?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Nakuandikia kutoka Likoni. Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kimefika Wagalatia 5:22. Kiongozi wetu alitueleza kwamba kwa Kigiriki neno ni karpos, nalo ni umoja, kwa hiyo tunda ni moja lenye vipande tisa kama chungwa. Akasema mtu akikosa kipande kimoja hana tunda, na asiye na tunda hana Roho. Akatoa mfano wa mtu anayeshinda na huzuni. Kati yetu kuna mama aliyefiwa na mumewe mwezi wa nne, na toka siku ya somo hilo hajarudi. Tena jirani yangu Mkatoliki aniambia matunda ni kumi na mawili. Karpos maana yake ni nini hasa? Kiongozi wetu yuko sawa? Nami nafundisha watoto Jumapili: niwaambie "tunda" au "matunda"?

JIBU: Amina, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale pa mama aliyeacha kuja. Habari ya Kigiriki nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa umeuliza, na kwa kuwa neno lenyewe likieleweka vizuri ndilo litakalomtetea huyo mama. Kiongozi wenu amesema kweli kuhusu umbo la neno. Alichokijenga juu ya umbo hilo hakisimami.

Tuanze na alichopata. Paulo aliandika barua hii kwa Kigiriki, kwa makanisa ya Galatia, nchi iliyo ndani ya Uturuki ya leo. Mstari wenyewe waanza hivi: ho de karpos tou pneumatos estin agape, chara, eirene, na kuendelea hadi sifa tisa zitimie. Karpos ni umoja. Wingi wake ni karpoi. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu huku pwani tumelelewa nayo, imefuata umoja huo: "Lakini tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi." Hapo hapana ubishi. Ukisikia mtu akisema kwamba uthibitisho ni kile kitenzi estin, "ni", cha umoja, huo si uthibitisho. Mstari wa 19 wataja matendo ya mwili kwa wingi, na kitenzi ni estin vile vile, maana katika Kigiriki nomino za wingi za jinsia ile isiyo ya kiume wala ya kike huchukua kitenzi cha umoja. Uthibitisho uko katika nomino peke yake.

Sasa maana, na hapa ndipo ningependa tukae.

Mtu wa Mombasa akisema "tunda", akilini huja kitu cha kushika mkononi: embe ngowe, pera, stafeli, fungu la shokishoki pale Marikiti. Kigiriki kina neno la tunda la namna hiyo, tunda la mezani la kufurahisha mdomo. Neno hilo ni opora. Katika Agano Jipya limetokea mara moja tu, Ufunuo 18:14, Babeli unapoambiwa habari ya "matunda yaliyotamaniwa na roho yako". Paulo hakulichukua hilo. Karpos laweza kumaanisha tunda la kuliwa pia, lakini kwanza ni neno la shambani. Lakitazama kitu kutoka upande wa mti na wa mkulima: kilichotoka katika mti, kilichokomaa, kilicho tayari kuchumwa. Wajuzi wa asili za maneno hulihusisha na mzizi wa kale wenye maana ya kuchuma, ule ule uliozaa kitenzi cha Kilatini carpere, kuchuma. Nasi tunacho kitenzi kutunda, yaani kuchuma matunda au maua, ingawa siku hizi wengi husema kuchuma na kuangua. Kila nikilisoma karpos nasikia "kutunda" ndani yake.

Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, katika Iliad awaita wanadamu wale walao karpos ya konde. Ni nafaka anayoisema, mkate wa kila siku, kile ambacho shamba zima limetoa.

Shika Biblia yako ya Union tufuatane, uone neno hili moja lilivyovikwa nguo mbalimbali za Kiswahili. Katika Agano Jipya karpos latokea mara 66 hivi, kwa hiyo nitagusa machache. Yule tajiri wa Luka 12:17 ajiuliza, "Nifanyeje, maana sina pa kuyaweka akiba mavuno yangu?" Mavuno hayo ni karpos, kwa wingi. Yakobo 5:7 asema mkulima "hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani", na mazao hayo ni karpos kwa umoja. Elisabeti amwambia Mariamu, "naye mzao wa tumbo lako amebarikiwa" (Luka 1:42), na mzao huyo ni karpos. Jirani yako Mkatoliki hulitamka neno hilo kila asalipo Salamu Maria, na huenda hajaambiwa kwamba ni lile lile la Wagalatia. Katika Matendo 2:30 Petro ataja "uzao wa viuno vyake" Daudi, napo ni karpos. Katika Warumi 6 Paulo auliza watu walipata "faida gani" katika maisha yao ya zamani, kisha awaambia sasa wanayo "faida yenu, ndiyo kutakaswa", na faida hiyo pia ni karpos. Wafilipi walipomtumia msaada wa fedha, aliwaandikia kwamba hakutamani kile kipawa bali "mazao yanayozidi kuongezeka, katika hesabu yenu" (4:17). Karpos tena, safari hii karibu na lugha ya daftari la muuza duka.

Mavuno, mazao, mzao, uzao, faida, tunda. Ukiyapanga maneno hayo kwenye mstari mmoja waona kinachoyaunganisha: kila mahali kuna kitu kilichotoka katika kitu kingine kilicho hai, au kilichotokana na kazi na muda. Ndiyo maana napenda namna Kiswahili kinavyolipokea neno hili kuliko lugha nyingine ninazozisoma. Kwetu mwembe huzaa na mama huzaa, kitenzi ni kimoja. Katika Yohana 15:5 Kigiriki chasema akaaye ndani ya Kristo "hubeba karpos nyingi", maneno mawili na zaidi. Watafsiri wa Union wakaandika tu "huyo huzaa sana", na hakuna kilichopotea. Tangu mmisionari Krapf afike Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuitia Mwanzo katika Kiswahili, watafsiri wamehangaika na maneno mengi ya Biblia. Kwa neno hili, lugha ilikuwa imewatangulia.

Turudi kwenye umoja, maana ndiko hoja ya kiongozi wenu ilikosimama. Je, Paulo akisema karpos kwa umoja, ana maana ya kitu kimoja chenye vipande vyake, kama chungwa? Mtazame anavyolitumia kwingine. Katika 1 Wakorintho 9:7 auliza: "Ni nani apandaye mizabibu katika shamba asiyekula katika matunda yake?" Kiswahili kimeweka "matunda", lakini Kigiriki kina umoja, karpos. Shamba zima la mizabibu, vichala visivyohesabika, na neno ni la umoja. Hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba shamba lile lilizaa zabibu moja. Huo ni umoja wa jumla.

Nasi twautumia kila siku. Nenda Kongowea asubuhi, mchuuzi atakwambia, "Nazi imepanda bei." Huulizi ni nazi gani. Wajua anasema zao zima, nazi zote zilizoko sokoni na zilizoko njiani kutoka Kwale. "Embe mwaka huu imekubali." Embe ngapi? Swali hilo halina mahali. Paulo, ukiacha 2 Timotheo 2:6 penye mkulima anayepata fungu la matunda, hulitumia neno hili kwa umoja katika barua zote, iwe anasema habari ya watu wa Rumi waliomwamini Kristo, ya fedha za mchango, au ya utakatifu. Ndivyo alivyozoea kuandika. Sababu moja iko katika Maandiko aliyokulia: Kiebrania husema peri, umoja wa jumla, na Wayahudi walioyatafsiri Maandiko kwa Kigiriki mara nyingi waliweka karpos kwa umoja vile vile.

Kwa hiyo ule mfano wa chungwa, ambao nami niliufundisha miaka mingi kabla sijakaa na mistari hii mmoja mmoja, umebeba mzigo ambao neno halikupewa. Umoja wa karpos watuambia kwamba sifa hizi tisa ni za zao moja, zimetoka katika mti mmoja, hazikuokotwa huku na huku. Hautuambii kwamba zote zapasa kuonekana kwa kiwango kimoja, kwa siku moja, kwa mtu mmoja, au sivyo hapana kitu. Hiyo ni hesabu aliyoileta kiongozi wenu mwenyewe, kisha akaipa jina la Kigiriki. Najua hakuwa na nia mbaya. Kigiriki kidogo kina uzito mkubwa katika vikundi vyetu, na mtu akitaja neno moja la asili, wengine hunyamaza. Ndiyo maana mwenye kulitaja apaswa kuwa mwangalifu mara mbili.

Kuhusu matunda kumi na mawili, jirani yako hajakosea kwa mapokeo yake. Biblia ya Kilatini iliyotumika karne nyingi katika Kanisa la Magharibi ina orodha ya kumi na mbili mahali hapa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1832, yazitaja zote. Wataalamu wengi huona kwamba baadhi ya maneno ya Kigiriki yalitafsiriwa mara mbili, kwa mfano neno la kiasi likawa kujizuia na pia usafi wa mwili, na tafsiri zote mbili zikabaki ndani ya orodha. Hati za kale za Kigiriki zina tisa. Msigombane kwa hilo. Paulo mwenyewe amalizia kwa kusema "juu ya mambo kama hayo", yaani orodha yake haikufungwa kwa kufuli.

Kuna jambo jingine katika mstari huu ambalo kiongozi wenu angelishika lingewafaa zaidi kuliko umoja. Mwili, asema Paulo, una erga, matendo, kazi za mikono. Roho ana karpos. Angeweza kuandika matendo ya mwili na matendo ya Roho, na sentensi ingelingana vizuri. Hakufanya hivyo. Katika Waefeso 5 apanga vivyo hivyo: "tunda la nuru" upande huu, na upande wa pili "matendo yasiyozaa ya giza". Kazi yaweza kufanywa leo hii kwa nguvu, kwa kulazimishwa, hata kwa hasira. Zao haliagizwi. Unaweza kupalilia, kumwagilia, kutia samadi, kulinda mche na mbuzi, lakini kile chenyewe chatoka ndani ya mti kwa wakati wake. Marko 4:28 lasema, "nchi huzaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke." Hilo "huzaa" kwa Kigiriki ni kitenzi kilichotengenezwa kutokana na karpos, na "yenyewe" ni automate, kwa hiari yake, bila kusukumwa.

Nikusimulie nilichokiona utotoni. Nyanya yangu alikuwa na minazi Rabai, michache tu nyuma ya nyumba. Mkwezi alikuja na panga kiunoni na kamba ya miguuni, na kabla hajaukumbatia mti alisimama akauliza, "Leo waangua nini?" Nilishangaa, maana kwangu mimi mnazi ulikuwa na nazi, basi. Nyanya akanivuta hadi chini ya mti, akaniinua kidevu nitazame. Mle ndani ya makuti, juu kabisa, karara moja, ala ya maua, ilikuwa imepasuka upunga, maua yenyewe, watoka. Chini yake vidaka, vidogo kama ngumi ya mtoto. Kisha vitale. Kisha madafu ya kijani yaliyovimba. Kisha makoroma, ambayo si dafu wala si nazi. Na chini kabisa shada lililokwisha kugeuka rangi ya udongo, nazi kavu zenyewe. Vyote kwenye mti mmoja, siku moja. Alitaka nazi za kupikia na dafu mbili za mgeni. Mkwezi alipofika juu akazigonga moja moja kwa mgongo wa panga akisikiliza, na aliposhuka akatikisa nazi karibu na sikio langu nisikie maji yakicheza ndani, maana dafu likiwa limejaa halichezi. Siku nyingine kijana asiye mzoefu alikata shada la vitale. Nyanya aliviokota kimya, akavikusanya kwenye kanga, akamwambia, "Mwanangu, umenikatia nazi zangu za mbele."

Tangu upunga hadi nazi kavu ni karibu mwaka mzima. Na hakuna mkwezi awezaye kusimama chini ya mti wenye vitale na madafu akasema mti huu hauzai kwa sababu shada moja bado ni vidaka.

Sasa mtazame huyo mama wa kikundi chenu. Sijui mengine ya maisha yake, wewe wamjua. Lakini umeniandikia kwamba hadi siku ile alikuwa akija. Mumewe amezikwa mwezi wa nne, naye bado alikuwa akipanda matatu, akikaa nanyi, akifungua Biblia. Mimi hilo naliita uaminifu, na uaminifu umo katika orodha ile ile, ni pistis, wa saba. Kiongozi wenu alitafuta shada moja, la furaha, akaliona bado ni kidaka, akautangaza mti kuwa mkavu.

Tena hiyo furaha yenyewe, chara, Paulo haielewi kama uso unaocheka. Katika 2 Wakorintho 6:10 ajieleza yeye na wenzake "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha". Vyote viwili kwa pumzi moja, naye hakuona kwamba kimoja chakifukuza kingine. Wathesalonike waliofiwa aliwaambia wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Hakuwaambia wasihuzunike. Bwana mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, na kama tutapima kwa kipimo cha kikundi chenu, tutasema nini habari yake siku ile?

Najua kuna atakayejibu kwa Mathayo 7:16, "Mtawatambua kwa matunda yao." Msome mstari ulio juu yake. Yesu anasema habari ya manabii wa uongo, watu wajao wamevaa mavazi ya kondoo ili wasadikiwe na kufuatwa. Kipimo hicho alikitoa ili kundi lijikinge na walimu. Kukigeuza ili mwalimu ampimie mjane ni kukishika kwa upande wa makali.

Nami ningewaomba msome Wagalatia 5 bila kukata mistari ya kando. Kabla ya orodha, mstari wa 15: "Lakini mkiumana na kulana, angalieni, msije mkaangamizana." Baada ya orodha, mstari wa 26: "Tusijisifu bure, tukichokozana na kuhusudiana." Kisha, mistari miwili mbele, katika sura ya 6: "Mchukuliane mizigo." Makanisa ya Galatia yalikuwa yakitafunana kwa maneno, na zao la Roho limewekwa katikati ya ugomvi huo kama dawa. Tazama sifa zenyewe: upendo, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole. Karibu zote huonekana pale tu penye mtu wa pili. Uvumilivu hapo ni makrothumia, neno lililoungwa kwa "refu" na "hasira", yaani mtu ambaye hasira yake ina safari ndefu kabla ya kufika. Huwezi kujua kama unalo ukiwa peke yako chumbani. Walijua kwa namna walivyotendeana, na nanyi mtajua kwa namna mtakavyomtendea huyo mama wiki hii.

Je, basi mtu asiyeonyesha chochote kwa muda mrefu hana la kuambiwa? Analo. Luka 13 ina mtini ambao mwenyewe aliujia miaka mitatu akitafuta karpos asipate. Alitaka ukatwe, na alikuwa na haki, kwani ulikuwa ukiiharibu nchi bure. Mtunza shamba ndiye aliyesema: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Hakubisha kwamba mti haujazaa. Alichoomba ni muda, na akajitolea kufanya kazi ya kuchimba yeye mwenyewe. Ikiwa kiongozi wenu ana wasiwasi wa kweli na mtu yeyote katika kikundi, hiyo ndiyo nafasi iliyo wazi kwake, yenye jembe na samadi. Na hapa nasema habari ya mti usiozaa kabisa. Mama wa mwezi wa nne hayumo humo.

Umeuliza nikuambie kama kiongozi yuko sawa. Usimkabili mbele ya watu. Mwendee kwake, au mwombe mketi baada ya ibada, mfungue pamoja 1 Wakorintho 9:7, umuulize shamba lile lilikuwa na zabibu ngapi. Ni swali la heshima na laweza kufungua mlango. Akiwa mtu wa kupenda neno, ataona mwenyewe. Kisha nendeni pamoja kwa yule mama, na kama hataki kuongea, kaeni naye tu. Zaburi ya 1 yafaa kusomwa siku kama hiyo ikiwa ataomba kusomewa: mti "uzaao matunda yake kwa majira yake". Kwa Kigiriki cha kale cha zaburi hiyo, "matunda yake" ni karpos, umoja, na "kwa majira yake" ni en kairo autou, wakati ulio wake, mti ule.

Kuhusu watoto: ukiwasomea Wagalatia, sema "tunda", kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, na waeleze kwa mnazi kuliko chungwa. Wa Likoni wanaijua minazi. Waulize nani amewahi kuona kidaka, nani kitale, nani koroma, nao watakufundisha wewe. Waambie pia kwamba Paulo alikuwa na rafiki aliyeitwa Karpo, ambaye jina lake ni neno hili hili, na kwamba alimwachia joho lake huko Troa akaomba aletewe (2 Timotheo 4:13). Watoto hawasahau jambo kama hilo. Lakini bibi mzee akisimama kanisani na kuomba Mungu ampe "matunda ya Roho", usimsahihishe, na usiwaache watoto wamsahihishe. Yohana Mbatizaji alipowaambia watu wazae tunda lipasalo toba, Mathayo, katika hati za kale zaidi, aliliandika kwa umoja, na Luka aliyaandika maneno yale yale kwa wingi.